Jukwaa la tezini kwenye boti ndogo: pima maji kabla ya kupima mbao

Anayevua kwa kurusha mshipi akiwa amesimama anaijua adha ya boti yenye mabenchi matatu: mguu mmoja juu ya benchi, mwingine sakafuni, ndoano imenasa kwenye mpira wa petroli. Hapo ndipo wazo la jukwaa la nyuma huzaliwa. Kwa watu wa majahazi wazo lenyewe si geni, maana shetri ni hiyo hiyo, sakafu iliyoinuliwa tezini, yaani nyuma ya chombo. Tofauti ni kwamba jahazi lina shehena nzito chini yake ya kulituliza, ilhali boti ya mita nne haina kitu ila wewe, mashine na tangi la mafuta.

Kwa hiyo kazi hii haianzi na msumeno. Inaanza na madumu manne ya lita 20.

Jaribio la madumu

Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo madumu manne yaliyojaa ni kilo 80, uzito wa mtu mzima wa kawaida. Shusha boti majini ikiwa na kila kitu inachobeba siku ya kazi: mashine, tangi lililojaa, betri, nanga na kamba yake, sanduku la barafu. Mwenzako akae mahali pake pa siku zote. Pima kutoka usawa wa maji hadi sehemu ya chini kabisa ya ukingo wa ubao wa tezi, yaani pale mashine inapokalia. Andika. Kisha panga madumu pale unapokusudia kusimama, na upime tena.

Kwa boti bapa yenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 1.2 hivi, kilo 80 zikikaa mita 1.4 nyuma ya katikati ya boti, tarajia tezi kushuka kama sentimita 6. Sogeza madumu hayo nusu mita kuelekea omo, yaani mbele ya boti, na mshuko unapungua hadi kama sentimita 4.5. Ni kidogo? Ubao wa tezi uliotengenezwa kwa mashine ya mguu mfupi una kimo cha sentimita 38 tu kutoka chini ya boti hadi juu, na wa mguu mrefu 51. Toa kina ambacho boti tayari imezama, toa mshuko wa jukwaa, halafu kumbuka kwamba ukipunguza gesi ghafla, wimbi la boti yako mwenyewe linakufikia kwa nyuma na kupanda juu ya tezi. Boti nyingi ndogo huanza kujaa maji namna hiyo, siku isiyo na upepo wowote.

Kama baada ya jaribio umebakiwa na kimo kidogo, dawa si kuacha jukwaa moja kwa moja. Hamisha uzito mwingine. Hesabu ni ya mizani ya kawaida, kilo mara umbali: kilo 80 zikirudi nyuma mita 1 zinasawazishwa na betri ya kilo 25 ikisogezwa mbele mita 3.2, au tangi la kilo 20 likisogezwa mita 4. Betri kuhamia omo ndiyo hatua inayoleta faida kubwa kuliko zote, na gharama yake ni waya mrefu na mnene tu.

Jambo la pili ni kimo. Chukua boti ambayo ukiijumlisha na watu na vifaa inafika kilo 300. Mtu wa kilo 80 akipanda kutoka sakafuni hadi jukwaa la sentimita 30, kitovu cha uzito wa boti nzima kinapanda sentimita 8 (80 × 30 ÷ 300). Jukwaa lenyewe halijahesabiwa. Boti iliyokuwa ikiegemea kidogo mtu akijongea ubavuni sasa italala kweli kweli, na ule ukingo uliokuwa ukikufika gotini sasa unakufika kwenye muundi wa mguu, kimo kinachomkwaa mtu badala ya kumzuia. Kanuni yangu: uso wa jukwaa uwe chini ya ukingo wa boti kwa sentimita 15 angalau, na kwenye boti yenye sakafu isiyofika mita 1.1 upana, usizidi kimo cha benchi lililokuja na boti. Anayetaka jukwaa lilingane na ukingo ili apate eneo kubwa, huyo anahitaji boti nyingine.

Kama boti yako ina kibandiko cha uwezo karibu na usukani au kwenye ubao wa tezi, uzito wa jukwaa unatolewa kwenye namba iliyoandikwa pale. Haukuongezwa na kiwanda kama zawadi.

Lianzie wapi, liishie wapi

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuziba nafasi yote kati ya benchi la nyuma na ubao wa tezi. Linapendeza kwa macho, lakini pale ndipo mashine inapolalia ikiinuliwa, ndipo mpini wake unapozunguka, ndipo maji ya ngama (yanayoingia chini ndani ya boti) yanapokusanyika, na ndipo kizibo cha kutolea maji kilipo. Afadhali jukwaa lianzie juu ya benchi la nyuma na kusonga mbele, kuelekea benchi la kati. Unapata eneo lile lile, uzito unakaa karibu zaidi na katikati, na tezi inabaki wazi.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: boti ya alumini ya mita 4.2, benchi la nyuma lenye upana wa sentimita 30, jukwaa linalofunika benchi hilo na kuongeza sentimita 45 mbele yake. Jumla sentimita 75 kwa 120, yaani mita za mraba 0.9.

Kabla ya kuchora chochote, inua mashine hadi mwisho wake, izungushe kulia na kushoto, panda na kushuka na mpini, na kila unapofika piga alama ya chaki. Ongeza sentimita 5 kwenye alama hizo na usizivuke. Pitisha mpira wa petroli na kamba ya kuzimia mashine vile vitakavyokaa. Vyote viwili visipite mahali ambapo kifuniko au bawaba inaweza kuvibana. Upande wa mbele, acha sentimita 45 za sakafu kati ya jukwaa na benchi la kati. Ukiacha sentimita 20, umetengeneza mtego wa mguu.

Mifupa

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuongeza unene badala ya kuongeza boriti. Ubao ukilemewa, kushuka kwake hupanda kwa mchemraba wa nafasi kati ya boriti, na hupungua kwa mchemraba wa unene. Ndiyo maana plaiwudi ya milimita 12 juu ya boriti zilizoachana sentimita 40 inashuka sawa na ya milimita 18 juu ya boriti zilizoachana sentimita 60. Lakini ya 18 inaongeza kama kilo 3 kwenye jukwaa letu, wakati boriti moja ya ziada ya alumini pamoja na miguu yake haifiki kilo moja na nusu. Chukua ya 12 na uongeze boriti.

Kwa boriti tumia pembe ya alumini ya milimita 38 kwa 38 yenye unene wa 3. Mita moja ina gramu 600 hivi. Linganisha na mti wa milimita 45 kwa 90, ambao ukiwa mkavu una kilo 2 kwa mita, na ukishalowa hakuna ajuaye. Kwa mfano wetu unahitaji boriti tatu za sentimita 120, vipande viwili vya pembeni vya sentimita 45 na miguu sita ya sentimita 30 hivi: mita 6.3. Nunua 8, kwa sababu mguu wa kwanza utaukata mfupi.

Boriti ya kwanza inapigwa ribiti kwenye uso wa mbele wa benchi, ukingo wake wa juu ukilingana na juu ya benchi. Ya pili inakaa sentimita 22 mbele yake, ya tatu kwenye ukingo wa jukwaa. Hizi mbili za mwisho lazima ziwe na mguu wa katikati, sio miguu ya ncha peke yake. Sababu ni hesabu: pembe hiyo ikivuka mita 1.2 bila kushikwa, na mtu wa kilo 100 akasimama katikati, mkazo ndani yake unakaribia megapaskali 265. Alumini ya aina ya 6061-T6 huanza kupinda bila kurudi kwenye 276, na pembe nyingi zinazouzwa madukani ni 6063, ambayo ni laini zaidi. Hapo bado hujaruka wala wimbi halijaipiga boti. Mguu wa kati unagawanya nafasi mara mbili, mkazo unashuka kwa nusu, na kule kunepa kunapungua mara nane.

Mguu usikae kwenye bati tupu la chini ya boti. Ukae juu ya taruma (mbavu ya ndani inayokaza ganda la boti), au kama taruma halipo pale, juu ya kipande cha bamba la alumini la sentimita 10 kwa 10 chenye raba chini yake, ili uzito usambae. Bati la boti nyepesi lina milimita 1.3 hadi 1.6 tu. Ncha ya pembe ikiligonga kila wimbi kwa msimu mmoja, itatoboka.

Na usiufunge mguu chini kwa kitu chochote kinachotoboa boti. Hakuna tundu chini ya mstari wa maji, hata moja, hata "nitalijaza silikoni". Ncha za boriti zifungwe kwenye mabenchi, kwenye nguzo za ubavuni ambazo tayari zipo, au kwenye mataruma sehemu iliyo juu ya sakafu. Miguu ya kati inashikiliwa na boriti kwa juu na kukaa tu kwa chini. Boti ya bati hucheza kidogo inapodunda juu ya mawimbi, na jukwaa lililofungwa chini, pembeni na nyuma kwa pamoja huizuia kucheza. Kitu kitapasuka, na mara nyingi ni ribiti za kiwandani.

Kuhusu kuchomelea: mtu mwenye mashine ya gesi ya argoni na mkono uliozoea bati jembamba anaweza. Wengine wote watatoboa. Isitoshe, ndani ya mabenchi mengi kuna povu la kuifanya boti ielee ikijaa maji, na moto ukilifikia linawaka kwa moshi wa sumu. Povu hilo halitolewi ili kupata nafasi ya kuhifadhia vitu. Nasema hivi kwa sababu ukishaona benchi limegeuka jukwaa, wazo la kulifungua na kuliweka mlango huja lenyewe. Boti isiyo na povu ikijaa maji, mashine inaivuta chini.

Ribiti na bolti

Ribiti za milimita 4.8 zilizozibwa kichwani, alumini tupu pamoja na msumari wake wa ndani. Zile za kawaida zenye msumari wa chuma huacha doa la kutu ndani ya wiki chache, na baadaye msumari ukianguka zinabaki tundu. Toboa kwa kekee ya 4.9. Unachounganisha ni bati la 1.6 na pembe ya 3, jumla 4.6, kwa hiyo nunua zenye uwezo wa kubana kati ya milimita 3.2 na 6.4. Ribiti ndefu kupita kiasi haikazi: msumari unakatika kabla bati hazijakutana, nawe unadhani imeshika. Kaa milimita 10 kutoka ukingoni, acha milimita 60 kati ya ribiti moja na nyingine, na usafishe makali ya kila tundu pande zote mbili kabla ya kubana. Chembe moja ya alumini katikati inatosha kuacha mwanya.

Ubao wenyewe ufunge kwa bolti, si kwa ribiti wala skrubu, kwa sababu siku moja utataka kuutoa. Bolti za M6 za kichwa bapa zenye urefu wa milimita 25 zinatosha: 12 za ubao, 3 za pembe, washa, na nati yenye nailoni ndani isiyolegea kwa mtikisiko. Kumi na mbili kwa jumla. Kwenye maji ya chumvi chukua chuma cha pua cha daraja la A4, ambacho wengine hukiita 316.

Chuma cha pua na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukizunguka bolti, na mwaka wa pili tundu limekuwa pana kuliko kichwa cha bolti. Tia lanolini au mafuta mazito ya kuzuia kutu kwenye kila bolti kabla ya kuipitisha, na washa ya nailoni pale metali mbili zinapokutana. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie kamwe mbao zilizotiwa dawa ya shaba dhidi ya wadudu, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Shaba iliyomo ikilowa huila alumini haraka kuliko bahari yenyewe. Si kwenye boriti, si kwenye miguu, hata kipande kidogo cha kukazia.

Ubao

Plaiwudi ya majini ndiyo bora, ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha BS 1088, kwa sababu haina mapengo katika tabaka za ndani. Gundi isiyoathiriwa na maji inapatikana pia kwenye plaiwudi za bei ndogo za nje ya nyumba, lakini mapengo ya ndani hubaki, na pengo moja ni chungu cha maji. Ukilazimika kutumia hiyo ya bei ndogo, kata kwanza uangalie kingo zote, na kila pengo ulijaze epoksi nzito.

Tengeneza kielelezo cha kadibodi. Boti haina pembe mraba hata moja, na ubavu wa kushoto haulingani na wa kulia hata kama zilitoka kiwandani jana. Kadibodi ikae ndani kabisa, kisha ukihamishia kwenye ubao punguza milimita 10 kila upande. Mwanya huo ni wa mambo matatu: maji yapite, boti icheze bila kulia kama mlango mkavu, na ubao upate nafasi ya rangi zake.

Kifuniko kikatwe kabla ya kupaka chochote. Pembe za tundu ziwe za mviringo, nusu kipenyo cha milimita 40 au zaidi, maana pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Acha fremu ya sentimita 7 kuzunguka tundu, na chini yake weka kipande cha pembe kitakachobeba kifuniko kwa milimita 20 au 25 kila upande. Mwanya kati ya kifuniko na tundu uwe milimita 3 mbao zikiwa tupu. Ukipanga kuzungushia zulia hadi chini, ongeza unene wa zulia mara mbili kila upande, moja la kifuniko na moja la tundu. Vifuniko vinavyokwama si makosa ya msumeno, ni rangi iliyosahauliwa kwenye hesabu. Bawaba iwe upande wa omo: boti ikienda mbele, upepo unakibana kifuniko badala ya kukifungua na kukitupa majini.

Sasa kusanya kila kitu kikiwa kikavu. Toboa matundu yote, funga bolti zote, panda juu, ruka kidogo, zungusha mashine, fungua kifuniko. Andika namba chini ya kila kipande. Halafu vunja vyote. Hakuna kinachopakwa kabla ya hatua hii.

Epoksi ni mikono mitatu pande zote mbili, na kingo zipewe mkono wa nne na wa tano kwa sababu zinakunywa. Uwiano wa kuchanganya ni ule ulioandikwa kwenye kopo. Kuna za 2 kwa 1, kuna za 5 kwa 1, na kuongeza kigumishi ili ikauke haraka hutoa utando wa mpira usiokauka milele. Changanya kidogo kidogo katika chombo kipana, maana epoksi ikirundikana kwenye kikombe hujipasha moto na kuganda mkononi. Ikishakauka, juu yake huwa na utando wa mafuta mafuta. Uoshe kwa maji na kitambaa kigumu *kabla* ya msasa. Ukianza na msasa, unausambaza ndani ya mikwaruzo na rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Matundu ya bolti yana utaratibu wake. Toboa kwa milimita 10, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa kukazia, subiri ikauke, kisha toboa tena kwa 6.5 katikati. Sasa bolti inapita ndani ya plastiki, haigusi mti hata kidogo. Plaiwudi nyingi huanza kuoza kupitia matundu ya skrubu, huku uso wake ukiwa bado unang'aa.

Epoksi haipendi jua. Usipoifunika kwa rangi, inageuka njano, kisha chaki. Katika mkono wa mwisho wa rangi, ukiwa bado mbichi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa vizuri mpaka uso wote ufunikwe, acha ukauke, fagia uliobaki, upake mkono mwingine mwepesi juu. Hapo mguu hautelezi hata pakiwa na damu ya samaki. Zulia ni laini na kimya, samaki hawasikii kila unachodondosha, lakini linabeba lita za maji kwa siku kadhaa juu ya ubao wako, na ndoano ikishika humo utatumia kisu. Ukiamua zulia, libandike kwa gundi isiyoathiriwa na maji, na pini za kubania ziwe za chuma cha pua. Mikeka ya povu la EVA ni njia ya kati, ila uso uliopakwa mchanga hauipokei, iamuliwe mapema.

Kilichofichika chini

Jukwaa linapofunika tangi la petroli, umeunda chumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini na kungoja cheche. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na swichi ya pampu hutoa cheche. Vitatu hivyo chini ya kifuniko kimoja kilichozibwa ni bomu. Kanuni za Marekani zinahesabu chumba kuwa wazi kwa hewa kikiwa na inchi za mraba 15 za uwazi kwa kila futi moja ya ujazo. Kwa vipimo vyetu: nafasi ya chini yenye mita 1 kwa 0.5 kwa 0.3 ina ujazo wa mita za ujazo 0.15, inayohitaji uwazi wa sentimita za mraba 510 hivi, sawa na mwanya wa sentimita 5 unaoenda mita nzima. Kwa hiyo acha uso wa mbele wa jukwaa bila ubao. Usiuzibe ili upate kabati. Vilevile tangi la kubebeka litolewe nje ya boti wakati wa kujaza, na betri ikae pengine kabisa, imefungwa kwa mkanda, na fyuzi ikiwa ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye kichwa chake.

Banduru, pale chini maji yanapotekwa, nayo ifikike. Uweze kuingiza upo (kata ya kutekea) na kufua maji bila kufungua bolti hata moja, kwa sababu siku pampu ikifa hutakuwa na muda wa kutafuta spana. Kizibo cha kutolea maji ukiguse kwa mkono ukiwa umepiga magoti juu ya jukwaa. Ukikosa kukifikia, rekebisha mchoro.

Boti za faiba na za mbao

Kwenye faiba huna ribiti. Jukwaa hushikwa kwa vitambaa vya faiba na epoksi. Jambo moja la kujua: ukingo wa ubao usiguse ganda la boti. Acha milimita 6, weka kipande cha povu laini, tengeneza kona ya mviringo kwa epoksi nzito, kisha ulaze kitambaa cha sentimita 10 na juu yake cha sentimita 15. Ubao ukigusa ganda moja kwa moja huunda mstari mgumu, na kwa nje utaona ufa mwembamba unaofuata mstari huo kama kalamu. Kabla ya hapo kwangua rangi yote hadi faiba yenyewe, kwa msasa wa namba 60 au 80. Resini ya poliesta hushika faiba vizuri lakini hubanduka kwenye mti, kwa hiyo usibanie nayo plaiwudi.

Boti ya mbao ndiyo rahisi kuliko zote, maana mataruma yapo na yanajua kubeba. Funga kiunzi cha mti mgumu kwenye mataruma matatu angalau kila ubavu, laza boriti juu yake kama darumeti (boriti zinazobeba sitaha), kisha mbao. Usitumie plaiwudi moja pana. Tumia mbao nyembamba zilizoachana milimita 8 ili hewa ipite, la sivyo sehemu ya chini itabaki na unyevu wa maji ya mvua, ambayo yanaozesha kuliko ya chumvi. Misumari na bolti ziwe za shaba, shaba nyeusi au chuma kilichopakwa zinki, aina moja tu boti nzima. Mbao za ganda zilizo nyuma ya jukwaa zitahitaji kalafati (kuzibwa mianya) tena siku moja, hivyo kila ubao wa jukwaa ufunguke.

Kiti, na siku ya kwanza majini

Kiti cha nguzo juu ya jukwaa ni mkono wa nyenzo. Mtu anapoegemea nyuma, bolti nne za chini zinavutwa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, na plaiwudi ya milimita 12 peke yake itang'oka. Chini yake weka bamba la alumini la milimita 5, sentimita 25 kwa 25, ikishika boriti mbili. Na kiti hicho ni cha boti iliyotia nanga au inayoenda polepole. Ukiongeza kasi, kaa chini kwenye benchi.

Jaribu kwanza kwenye maji ya kifuani, mmevaa majaketi ya kuokolea. Mmoja asimame kwenye kona ya nyuma ya jukwaa, mguu karibu na ukingo, mwenzake apime ubavu ulivyobaki juu ya maji. Nisipobakiwa na nusu ya kimo cha awali, jukwaa linashushwa, hata kama rangi imeshakauka. Halafu endesha. Omo ikipanda sana na kuchelewa kulala, au boti ikidunda dunda kwa kasi ya kawaida, uzito bado uko nyuma mno: sogeza tangi mbele, kisha ingiza mashine tundu moja karibu zaidi na ubao wa tezi.

Baada ya safari tano kaza bolti zote tena. Kisha piga jicho ribiti: mstari mweusi kama masizi ukitoka chini ya kichwa cha ribiti ni alumini inayosagika, yaani ribiti hiyo inacheza. Itoboe, upanue tundu, na uweke ya milimita 6.4 mahali pake. Ukiiacha, ya jirani yake ndiyo inayofuata.